Swali la Mama Kelele

Jumapili, tarehe 3 Machi

Dada yangu,

Tangu wanadamu waanze kutoelewana hajazaliwa mkalimani kama mimi, na nikisema hivyo wewe nimekuhesabu. Wewe una vyeti ukutani na kamusi nene kama tofali. Mimi shule nimeishia kidato cha pili, tena hicho cha pili nilikiona kwa mbali tu. Lugha ya hawa wageni niliiokota kambini kwa watengeneza barabara, nikibeba mabomba yao na kusikiliza matusi ya wapishi wao. Lakini nikusimulie: siku yako ya kwanza ya kulazwa, mimi nilisimama kati ya mhandisi na kiwanda kizima, na hata tone la neno halikumwagika. Meneja alinikodolea macho mpaka akasahau kufunga mdomo.

Shemeji ameniambia daktari kakuamuru ulale mpaka mtoto atoke, na simu wamekunyang'anya kwa sababu kila mteja akipiga, presha yako inapanda naye. Basi tuandikiane kama mababu zetu, posta iwe lori la shemeji. (Shemeji, kama unasoma hapa, funga barua urudi kwenye usukani.)

Mashine mpya ya maboksi ni ndefu kama ukumbi wa harusi. Mhandisi mgeni aliyekuja kuifunga ni mwembamba, mpole, anatoa maneno kwa kubana kama anayeogopa yataisha. Wafanyakazi wameshanipa jina: Redio. Aliyenibatiza ni mama atakayeiendesha hiyo mashine. Wenzake wanamwita Mama Kelele, kwa kuwa amezeeka kando ya mitambo na hajui tena kunong'ona. Akiniona tu, anapaza sauti: "Redio, washa!"

Na maswali yake, Dada! Juzi kanituma: "Muulize, karatasi ikikwama nifanye nini?" Mhandisi akajibu: bonyeza kitufe chekundu, ngoja taa izime, ndipo ufunue kifuniko uitoe kwa mkono. Baada ya chai mama akauliza tena. Jana tena. Nikamwambia, "Mama, jibu la jana halijachacha."

"Chakula cha jana mimi hukinusa kwanza," akasema. "Muulize."

Nikamuuliza. Jibu lilikuwa lile lile.

Hebu niambie, msomi: wewe, baada ya miaka yote hiyo, kuna kitu kwenye kazi hii ambacho bado hukiwezi? Au nikuanzishie darasa?

Ndugu yako asiye na mpinzani,
Redio


Jumatano, tarehe 6 Machi

Mdogo wangu,

Nimecheka mpaka muuguzi akaja kuuliza nani amenipa ruhusa. Mdomo wako ungekuwa shule, ungekuwa chuo kikuu.

Sasa nisikilize. Kiwanda hicho ndicho mteja wangu. Wengine wote ni vibarua: cheti cha kuzaliwa leo, barua ya mahakama mwezi ujao, halafu kimya mpaka mtu aoe mgeni. Nimekuweka wewe pale kwa sababu wakiingiza mtu mwingine, nikirudi nitamkuta amekalia kiti changu na mto ameshauweka. Kwa hiyo ukiharibu, umeniharibia mimi, na huyu anayenipiga mateke humu ndani.

Umeuliza ninachoshindwa. Nitakuambia, usinicheke. Mkataba mrefu naumaliza bila kugusa kamusi. Lakini mbele za watu siwezi kusema "samahani, sikuelewa, rudia." Ulimi unakuwa mzito. Nahisi wote wanasema, kumbe huyu hajui. Na nikishaizoea kazi ndio nakuwa mbaya zaidi, maana mtu hajamaliza sentensi nami nimeshaimaliza kwa niaba yake. Kila mwaka najiapia nitaacha. Kitu kingine, siwezi kukataa kazi, na hicho ndicho kilichonilaza hapa.

Kwa hiyo jifunze wewe mapema. Mama Kelele akiuliza mara kumi, uliza mara kumi. Si kazi yako kujua. Kazi yako ni kuuliza na kuleta.

Dada yako


Jumapili, tarehe 10 Machi

Dada,

Ushauri wako nimeupokea, nimeubusu, nimeuweka mahali salama. Lakini huo ni wa watu wa mezani. Huku kuna kelele, jasho, na watu wanaotaka kwenda kula.

Hiyo mashine mimi ninaijua kuliko aliyeitengeneza. Sitanii. Ijumaa mhandisi alifungua kinywa kueleza kamba ya kukaza, na kabla hajavuta pumzi ya pili, watu walikuwa wameshaelewa, nimeshawaambia. Walicheka, wakapiga makofi. Mhandisi mwenyewe alicheka akanipandishia dole gumba. Meneja amesema na mimi kazi inakwenda mbio kuliko na wewe. Sikusema mimi, kasema meneja. Nakuletea tu, si ndio kazi yangu?

Mpinzani wangu ni yule yule mmoja. Jana kaniegemea, kifua kama kabati, akasema: "Redio, yeye kasema kifupi, wewe umesema kirefu. Hayo yaliyozidi ni ya nani?"

"Nyongeza, mama. Kwa wateja wazuri."

"Sikununua nyongeza. Nipe ya kwake."

Nikamwambia angekuwa mwalimu wangu ningemaliza shule. Akajibu angekuwa mwalimu wangu ningeimaliza kwa viboko. Ila ananipenda, wala usiwe na shaka. Jumapili anasuka watu nywele, anasema ana mikono miwili na vichwa havimwishii. Amenitaka nipeleke changu, aone kama kina kitu ndani.

Jumanne watafunga kipande kipya, kitu cha kugandamiza kinachokwenda kwa upepo wa kompresa. Mhandisi ana sanduku zima la vyuma na ana furaha kama mtoto aliyenunuliwa baiskeli. Mimi nimeshaotea atakachosema.

Redio, idhaa ya taifa


Alhamisi, tarehe 14 Machi

Shemeji,

Mimi si mtu wa kuandika. Leo nimekuja kupakia maboksi, walinzi wa getini wakanisimulia ya yule mama wa mashine mpya, kwamba mashine imemponda vidole viwili na daktari amevikata. Nimesikitika sana.

Nakuomba neno moja. Dada yako asijue. Jana presha ilipanda vibaya, na daktari amesema ikipanda hivyo tena watamtoa mtoto kabla ya wakati. Mwandikie mambo ya kuchekesha. Barua zako anazilalia chini ya mto.

Shemeji yako, dereva


Jumapili, tarehe 17 Machi

Dada mpenzi,

Huku shwari, wewe endelea kunenepa tu. Mambo ni mengi ya kuchekesha. Pale kantini ameingia paka, anachagua meza ya kukaa kama mkaguzi. Meneja amenunua viatu vipya vinavyolia, kwa hiyo siku hizi watu wanaacha uvivu kabla hajafika. Viatu vyake vimekuwa msimamizi msaidizi. Mvua imenyesha, paa la stoo likavuja, maboksi yakalowa, jamaa mmoja kasema yanafaa kutengenezea uji. Wote tukacheka.

Mimi niko imara. Suruali imeanza kunipwaya kidogo, lakini hiyo ni joto.

Nina kaswali kadogo, ka kielimu tu. Mkalimani akipitisha jambo, halafu baadaye likatokea jambo, lawama ni ya aliyesema, au ya aliyesikia? Maana mkalimani yeye si ni kama bomba? Hakuna kilichotokea. Nauliza ili nijue, kwa kuwa sasa mimi ni mtaalamu.

Usijibu haraka. Pumzika.

Mdogo wako


Jumatano, tarehe 20 Machi

Mdogo wangu,

Barua yako ina paka, ina viatu, ina mvua na uji wa maboksi. Mama Kelele hamna.

Nikipewa tafsiri ya mtu niihakiki, sianzi kutafuta makosa. Naiweka kando ya ile ya asili, naangalia kwanza kama aya zote zipo. Anayekosea neno ni mvivu au amechoka. Anayeruka aya ana sababu, na sababu hiyo hukaa ndani ya ile aya aliyoiruka. Mwanamke asiyeweza kunong'ona hawezi kupotea kwenye barua yako kimyakimya. Nirudishie aya yangu.

Shemeji yako nilimbana. Alikumbuka ghafla kwamba tairi zinahitaji upepo, akatoka. Kwa hiyo najua kuna kitu. Na kama amekuambia habari ya presha yangu, mjue wote wawili: inapanda ninapokisia. Tangu Jumapili nimelala hapa nakisia. Nimeshamuua huyo mama mara kadhaa kichwani, nimeshakutia wewe jela, na kila muuguzi akinifunga kile kipimo mkononi anakunja uso.

Swali lako la kielimu nitalijibu ukishaniambia lilitoka wapi. Bomba haliulizi swali kama hilo.

Dada yako


Jumapili, tarehe 24 Machi

Dada,

Haya, aya yako hii hapa. Hajafa.

Jumanne ile walifunga kile kigandamizi asubuhi. Mhandisi alipanga kuwakusanya watu wote awaeleze baada ya chakula. Kabla ya chakula karatasi ilikwama. Mama Kelele akabonyeza kitufe chekundu, taa ikazima, akafunua kifuniko, akaingiza mkono wa kulia. Kumbe taa inasema habari za umeme tu. Kigandamizi kinashikiliwa na upepo, na upepo una mpini wake wa kuutoa, uko pembeni. Kilishuka. Vidole viwili. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakupiga kelele. Alikaa chini tu, akaushika mkono kama umemwangukia kutoka kwa mtu mwingine.

Ijumaa kulikuwa na kikao ofisini kwa meneja. Yeye, msimamizi, mhandisi, Mama Kelele na bandeji yake, na mimi katikati. Na ninakuapia, Dada, sijawahi kutafsiri vile. Ungekuwepo ungenitunza.

Mama akasema, "Mimi niliuliza. Nilituma aulizwe, kama na leo bado ni vile vile. Nikajibiwa ndiyo."

Nikamgeukia mhandisi, nikampa yote, na ule uzito wake.

Mhandisi akasema, "Hakuna aliyeniuliza. Ningemwambia hapana, angoje nifundishe."

Nikamgeukia mama, nikampa. Nilimwangalia usoni nikamwambia, "Hakuna aliyeniuliza," kama inavyotakiwa, mimi nikiwa ndiye mhandisi.

"Muongo!" akasema mama. Nikalipeleka hilo. Mhandisi akawa mwekundu mpaka masikioni, akasema hajawahi kuitwa hivyo kazini kwake. Nikalirudisha. Basi nikawa nakwenda na kurudi, nakwenda na kurudi, hawa wananitazama mimi huku wanatukanana wao.

Mwisho mama akasema, "Redio alikuwepo. Muulizeni Redio."

Mimi, Dada, nikatazama sakafu. Lakini meneja akatikisa kichwa. "Mkalimani si shahidi. Yeye anatafsiri tu."

Na hilo pia nikalitafsiri.

Jumatano meneja ataandika uamuzi. Msimamizi anasema utakuwa hivi: alikiuka maelekezo, kwa hiyo kazi basi, na matibabu ajigharimie. Mama alipotoka alinipita bila kuniambia washa wala zima. Msimamizi alinisifu, akasema ukalimani safi kabisa. Nimekuandikia hilo ujue kiti chako kiko salama.

Sikudondosha hata neno. Kila mtu alipewa la mwenzake kamili. Zaidi ya hapo mimi ningefanya nini?

Redio


Jumanne, tarehe 26 Machi

Mdogo wangu,

Nimemwambia shemeji yako asilale njiani.

Nimeisoma barua yako mpaka karatasi imelainika. Huyo mama hadanganyi, maana mtu anayenusa jibu la jana asingeacha kuuliza siku ambayo chuma kipya kimefungwa mbele yake. Na mhandisi hadanganyi, maana mtu anayebana maneno vile hawezi kusahau kama aliulizwa. Wote wawili wanasema kweli. Na kati yao alisimama mtu mmoja.

Mhandisi hakuulizwa. Nani alijibu?

Najua unamfikiria nani. Unanifikiria mimi na mteja wangu. Acha. Mteja nitatafuta mwingine, nitarudia vyeti vya kuzaliwa. Yeye atatafuta wapi vidole? Nilikuambia ukiharibu umeniharibia mimi. Hayo nayafuta, niliyaandika nikiwa na hofu.

Na kama huwezi kunijibu mimi, jibu pale ofisini.

Presha asubuhi hii imeshuka. Sasa najua, sikisii tena.

Dada yako


Alhamisi, tarehe 28 Machi

Dada,

Barua yako niliipokea jana asubuhi getini, shemeji hata injini hakuzima. Niliisoma nimesimama. Kisha nikaingia.

Meneja alikuwa na karatasi mbele yake na kalamu imefunguliwa. Watu walikuwa ndio wanavuta viti. Nikanyoosha mkono.

"Hakuna aliyesema kitu bado," meneja akasema. "Unatafsiri nini?"

Nikasema ninalo langu. Nikasema mama hakukiuka kitu, aliuliza. Na mhandisi hakudanganya, swali halikumfikia. Lilifika kwangu likaishia hapo, jibu nilitoa mimi.

Msimamizi alikohoa. Halafu mhandisi akainamia mbele, akauliza kwa lugha yake, "Anasema nini?" Akamuuliza meneja. Meneja akanitazama mimi. Msimamizi akanitazama mimi. Mle ndani hapakuwa na mwingine wa kumwambia.

Basi nikajitafsiri mwenyewe. Lile la kwanza lilitoka mbio, hili la pili nililianza upya mara mbili. Yale maneno, "kosa ni langu", kambini niliyasikia kila siku wakiambiana wao, lakini sikuwahi kuyatumia kwa ajili yangu. Mhandisi alivua miwani, akaniangalia, akasema pole. Hakuniambia mimi. Alimwambia Mama Kelele, na nikampelekea. Hiyo ndiyo tafsiri yangu ya mwisho pale.

Meneja aliikunja ile karatasi bila kuiandika. Matibabu ni ya kiwanda. Mama akipona atarudi, watamweka stoo, kazi isiyotaka vidole vyote. Mimi nilirudisha kitambulisho getini. Na wewe, Dada, meneja amesema hana ugomvi nawe, ila kuanzia sasa watatafuta kampuni yenye ofisi na watu wengi, siyo dada na mdogo wake. Kwa hiyo mteja wako nimekupotezea. Nilitaka kukuandikia hilo kwa mzaha fulani, nimejaribu mitatu, yote mibaya.

Mama Kelele nilimfuata nje. Nilikuwa nimejiandaa anitukane, hata nilitamani. Alisema polepole, ikabidi niiname ndio nimsikie.

"Ningetaka jibu lako, Redio, ningekuuliza wewe."

Akaenda zake. Kuna binti alikuwa anamsubiri, akambebea pochi.

Sasa lako. Umeuliza nani alijibu, nami pale ofisini nilisema nilijibu kwa haraka, kwamba kulikuwa na kelele, watu wengi, nikasahau kuuliza. Wamelikubali hilo. Hata mhandisi aliitikia kwa kichwa, kama anayesema hutokea. Dada, sikusahau.

Mama aliponituma, nilimgeukia mhandisi kweli. Alikuwa karibu, amenipa mgongo, anajifuta grisi mikononi kwa kitambaa. Ningemgusa bega tu. Lakini vijana wawili wa kufunga maboksi walikuwa wananitazama, nami nikaona aibu kumsumbua mtu kwa swali ambalo jibu lake ninalo mdomoni. Sikutaka waone nauliza kama asiyejua. Wala sikutaka mama aone sijauliza. Kwa hiyo nilisogea mpaka nyuma ya mhandisi, nikainamisha sikio. Nikangoja kidogo, kama mtu anayesikiliza. Nikaitikia kwa kichwa kama mtu aliyeelewa.

Yeye hakujua hata kama nimesimama pale. Nikamrudia mama, nikamwambia, "Anasema ndiyo."

Mdogo wako